Pasi Iliyouzwa kwa Kilo

Naandika haya nikiwa nimevaa shati lenye mkono mmoja ulionyooka na mwingine uliokunjamana, kwa sababu umeme ulikatika asubuhi hii, nao, kama kawaida yake, haukatiki mtu akiwa amekaa bure. Nilipoulizia pasi ya mkaa niliyorithi kwa bibi, ile yenye jogoo kwenye kifungio, mama watoto alinijibu kwa utulivu kwamba alimuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu jana kwa shilingi 3,000, na kwamba nyanya alizonunua kwa hela hiyo nilizila mwenyewe.

Nilimkuta mnunuzi huyo, kijana tu, huku Katwe, Kampala, ameketi juu ya rundo la rimu za magari, pasi yangu ikiwa miguuni pake. Nikajieleza kwa heshima inayoufaa umri wangu, nikamnyoshea shilingi 5,000.

"Mzee, kwani unanunua nini?"

"Pasi yangu."

"Basi hapo bei inabadilika. Mama aliniuzia chakavu, wewe unataka pasi."

Akaifungua, akapuliza majivu ambayo, nasisitiza, yalikuwa ya nyumbani kwangu, akamzungusha jogoo ili nione kwamba bado anafunga vizuri, kisha akataka 30,000. Nikamwambia aipime kama chakavu, tumalizane. Akaitundika kwenye mizani, ikasoma kilo nne. Jana, mbele ya mke wangu, mizani hiyo hiyo ilisoma mbili!

"Chuma kikishika kutu huongezeka uzito, mzee."

Kinachoniuma ni kwamba mwanangu aliye sekondari anasema ni kweli, kwa kuwa kutu ni chuma kilichochukua oksijeni, ila si kilo mbili kwa usiku mmoja. Nimelipa 20,000, na mkaa wa kuiwasha sina.

Kliniki nako wamemwambia binti yetu mjamzito kwamba damu yake imepungukiwa na madini ya chuma. Nyumba hii nzima imepungukiwa.

Na msiniulize habari za mabati, kwa maana huko namba ya geji, yaani kipimo cha unene, ikipanda bati linakuwa jembamba, hivyo muuzaji anayekutoza bei ya geji 28 na kukupa 32 hutabasamu kana kwamba amekuongezea, na mvua ya kwanza inakukuta sebuleni umeshika beseni. Hata yale mabati ya msaada kwa watu wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, yaliyowafikisha mawaziri kizimbani mwaka 2023 kwa tuhuma za kuyachepusha, sijasikia mtu akiuliza yalikuwa ya geji gani.