Usinitajie Nguvu za Farasi, Nionyeshe Rekodi

Ukiwa na Subaru ya turbo hapa Nairobi, hukosi mtu wa kukuambia anamjua fundi atakayeipakia ECU (kompyuta ya injini) faili mpya kwa nusu saa, na jioni hiyo hiyo uisikie inavyovuta. Nusu saa haitoshi hata kukagua plagi na mipira ya turbo inayovuja.

Faili nyingi za namna hiyo zilitengenezewa gari jingine. Hata STI yenyewe, ile Subaru ya mbio iliyotengenezewa soko la Japani, ilipangiwa petroli ya huko, ambako ile ya daraja la juu huuzwa ikiwa na oktani (kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo bila kujilipukia) 98 hadi 100. Yetu haifiki huko. Sasa ukiongeza presha ya turbo na kusogeza taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) kwa mkupuo mmoja, halafu injini ianze kugonga, utajuaje kilichosababisha ni kipi?

Fundi ninayemwamini huiweka kando faili ya kiwandani, hufunga chaja kwenye betri (umeme ukikatika wakati wa kuandika, ECU inaweza kufa), kisha hubadili kitu kimoja tu. Huanza na presha ya chini. Sensa ya hewa ikishasoma sawasawa, anaingia kwenye mafuta: mwendo wa kawaida hutaka hewa 14.7 kwa petroli 1, kwa uzito, lakini turbo ikijaa anataka mchanganyiko mzito, wenye petroli zaidi, hewa 11 na ushee. Taimingi huigusa mwisho, digrii moja au hata nusu.

Halafu gia ya tatu, kanyaga kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,500 kwa dakika, achia, soma rekodi ya ECU. Tuseme kwenye 4,500 ECU yenyewe imerudisha taimingi digrii tatu. Maana yake imesikia injini ikigonga, yaani petroli ikijilipukia ndani ya silinda, na ukiipuuza utanunua pistoni. Anapunguza hapo tu, haharibu jedwali zima (zile namba za faili ambazo ECU hufuata), anapima tena. Wapo wanaozima sensa ya kugonga ili grafu ipendeze. Hao wakimbie.

Majaribio yenyewe yafanyiwe kwenye dyno (mashine ya kupima nguvu, gari likikimbia papo hapo juu ya roli), si barabarani penye watu. Ila dyno nayo ina feni mbele na boneti wazi. Haijui foleni ya saa nane mchana.

Wala haijui Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na presha ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Gari lililotulia huku Julai likishuka Desemba na AC na mizigo, linakuta hewa nzito na ya moto, na injini inaingia kwenye sehemu za jedwali ambazo hakuna aliyezipima. Kwa hiyo rekodi ya pili ichukuliwe huko huko pwani. Fundi akinitoza zaidi kwa kazi hiyo nalipa bila kubishana, mradi anikabidhi rekodi zote kwenye flashi, pamoja na ile faili ya kiwandani.