Tumehamia klaudi na takataka zetu zote

Chumba chetu cha zamani cha seva, zile kompyuta za kutunzia data, kilikuwa stoo ya wafagiaji. Sitanii. Ukifungua mlango unakutana na sinki la kuoshea mopu, pembeni yake raki ya seva, halafu feni ya dukani tumeifunga kwa waya iangalie seva kwa sababu AC ilikuwa inakufa kila Julai, na kila Julai tunaambiwa bajeti ya AC ipo mwakani. Hapo ndipo zilipokaa maksi, chanjo, anuani za nyumbani na madeni ya chakula ya watoto wa shule zote za wilaya yetu, na mimi na mwenzangu mmoja ndio tulikuwa tunazilea zile mashine kama mtu anavyolea mgonjwa wa siku nyingi.

Walioko nyumbani nikisema wilaya wanawaza DC na mkurugenzi wa halmashauri, kwa hiyo niweke sawa kwanza. Huku Marekani wilaya ya shule ni mamlaka inayojitegemea, ina bodi inayochaguliwa kwa kura, ina mkuu wake, sehemu kubwa ya hela inatoka kwenye kodi ya majengo ya watu wa eneo hilo, na ziko kama elfu 13 nchi nzima, kuna kubwa kama Los Angeles yenye watoto laki kadhaa na kuna zenye shule mbili na mabasi manne. Sisi tuko katikati. Kila wilaya inanunua mifumo yake, inaajiri mafundi wake, na ikipigwa na wezi wa mtandaoni inapigwa peke yake.

Kwa hiyo siku tuliyoambiwa tunahama, seva zote zinazimwa na kila kitu kinaenda klaudi, yani kwenye seva za kampuni tunazozifikia kwa intaneti, mimi nilishangilia, tena kwa sauti. Kuna mafundi wenzangu wanaona klaudi ni kukabidhi nyumba kwa mpangaji. Mimi sipo huko. Mtu akinibishia namkumbusha Baltimore County, Maryland, wilaya ya wanafunzi kama 115,000, Novemba 2020, kipindi cha korona watoto wote wanasomea nyumbani, mahaka, wale wezi wa mtandaoni, wakaingia wakafunga mafaili wakadai fidia. Shule zikasimama siku chache kabla ya sikukuu ya Thanksgiving. Wiki ileile wakaguzi wa jimbo walikuwa wametoa ripoti inayosema wilaya ina seva zinazofikika kutoka nje huku zimekaa ndani kabisa ya mtandao wake, yani mlango wa barabarani unafungukia chumbani. Hasara ilikuja kuhesabiwa karibu dola milioni 10. Sasa kilichonigusa mimi kama fundi ni kwamba wilaya ilivyoanza kuinuka iliwaambia wazazi kompyuta za Chromebook za shule hazijaguswa, akaunti za Google ziko salama, endeleeni kuzitumia. Yani kilichokuwa kwenye seva zao wenyewe kililala chini, kilichokuwa klaudi kilisimama. Baada ya hapo mtu anieleze vizuri kwanini nimwachie feni ya dukani na mimi mwenyewe ninayelala saa nne usiku kazi ya kulinda data za watoto.

Kuhama sawa. Ugomvi wangu uko kwenye tulichobeba.

Seva ya zamani pamoja na ubovu wake wote ilikuwa na tabia moja nzuri ambayo hakuna mtu aliwahi kuisifia, ilikuwa inajaa. Diski ikifika asilimia 95 inaanza kulia, mfumo unakuwa mzito, walimu wanapiga simu wanatukana, na wewe fundi huna ujanja lazima ukae na wenye mafaili muulizane hiki bado kinahitajika? Video za mahafali ya 2009 je? Hili folda la mshauri wa wanafunzi aliyestaafu je, nani analitumia? Ilikuwa kero, lakini ndio ilikuwa siku pekee kwa mwaka ambayo mtu anaangalia tumetunza nini. Ukienda klaudi ile kengele inanyamaza, unaongezewa nafasi kimya kimya, bili inapanda kidogo kidogo na anayeiona ni mhasibu tu, naye hajui ndani kuna nini.

Wiki mbili kabla ya kuhama nilikaa nikapitia mfumo wa taarifa za wanafunzi, ule wenye kila kitu, na daah, nikakuta watoto walioondoka tangu miaka ya 90. Zamani shule nyingi huku zilikuwa zinatumia namba ya Social Security, ile ya utambulisho anayopewa mtu na serikali kuu, kama namba ya mwanafunzi, kwa hiyo namba zimekaa wazi zimejipanga na majina na tarehe za kuzaliwa, mtu aliyehitimu 1998 ambaye leo ana watoto wake kwetu bado tumemshikia namba anayofungulia akaunti ya benki. Kuna maelezo ya nesi. Kuna sababu za kusimamishwa shule za watoto wa darasa la tatu. Kuna sehemu ya nchi uliyozaliwa na tarehe uliyoanza shule Marekani kwa mara ya kwanza, ambayo shule zinaiweka kwa ajili ya fedha za serikali kuu za kuwasaidia watoto wageni, na hapo nikaona majina ya kwetu mengi tu, Wakongo, Warundi, Wasomali, watoto waliotoka kambini. Shule hairuhusiwi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu hana makaratasi, Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilishaamua tangu 1982, lakini ukiunganisha hizo sehemu mbili na anuani ya nyumbani umeshapata orodha ambayo mimi nisingependa imfikie kila mtu.

Nikaandika orodha ya vitu vya kufuta, kurasa nne, nikapeleka kwa wakubwa. Jibu likaja fupi: hamisheni vyote, tutachambua baadaye.

Kila aliyewahi kuhama nyumba anajua ile boksi iliyoandikwa "mbalimbali" haifunguliwi. Inahama na wewe Sinza, inahama na wewe Mbezi, na siku ukifa watoto wako ndio wanaifungua. Yetu ilihama Ijumaa jioni, Jumapili usiku ilikuwa imefika, kampuni iliyotuhamisha ikatutumia keki. Miaka imepita, hiyo "baadaye" haijafika.

Wakubwa wanasema hakuna haraka, data iko mahali salama kuliko mwanzo. Sawa. Tuangalie PowerSchool basi, kampuni ambayo mifumo yake inahudumia wanafunzi zaidi ya milioni 60. Desemba 2024 mtu aliingia kwenye tovuti yao ya huduma kwa wateja kwa kutumia akaunti moja iliyoibiwa, hakuulizwa ile namba ya pili inayokuja kwenye simu, na humo ndani kulikuwa na njia ya matengenezo ya kufikia mifumo ya wateja, akapitia hapohapo kwenda wilaya moja baada ya nyingine. Na ambao hawakuwa wamehama, waliobaki na seva zao shuleni, nao waliliwa, kwa sababu ile njia ya matengenezo ilikuwa imeachwa wazi kwao pia. Kwa hiyo ule ubishi wetu wa stoo ama klaudi siku ile haukumsaidia mtu. Aliyekiri kosa baadaye alikuwa kijana wa chuo wa miaka 19 kutoka Massachusetts, umri wa mtoto ambaye jana tu alikuwa anasumbua kwa kusahau paswedi. Kampuni ikalipa fidia iliyodaiwa na mwizi, ikaonyeshwa video ya data zikifutwa, ikaamini, halafu Mei 2025 wilaya kadhaa zikaanza kupokea vitisho vipya kwa data zilezile.

Ila soma taarifa ya bodi ya shule ya Toronto, Kanada, ambao nao walikumbwa. Walisema data zilizoweza kuchukuliwa ni za wanafunzi kuanzia Septemba 1985 hadi Desemba 2024. 1985! Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka huo leo ameshapita miaka 45. PowerSchool yenyewe mwaka huo haikuwepo, ilianza mwishoni mwa miaka ya 90. Kwa hiyo zile data hazikuzaliwa humo, kuna mtu alizibeba. Kutoka mfumo fulani kwenda mfumo mwingine, kutoka huo kwenda mwingine tena, na kila kituo nina uhakika kulikuwa na fundi kama mimi mwenye orodha ya kurasa nne na bosi anayesema tutachambua baadaye.

Google ndio walifanya kitu ambacho sheria haijafanya, na wala hawakukusudia. Miaka yote walikuwa wanazipa shule nafasi bila kikomo, wakatuzoesha vibaya, halafu 2021 wakatangaza kwamba kuanzia 2022 kila taasisi itagawana terabaiti 100 za pamoja kwenye ile huduma ya bure. Watu walilalamika sana, na mimi nililalamika. Lakini ule mwaka ndio wilaya yetu ilifuta vitu kwa mara ya kwanza tangu kuzimwa kwa seva ya mafaili, tukakuta video za mechi za mpira wa kikapu zimerekodiwa mara nne nne, kengele ya diski imerudi kwa jina lingine. Bahati mbaya majina na namba hayali nafasi. Rekodi za watoto elfu 40 na siri zao zote zinaweza kutosha kwenye flashi unayoipoteza kwenye daladala, kwa hiyo kikomo cha Google hakigusi palipo na hatari, kinagusa mechi za kikapu.

Sheria tunayoapia huku ni FERPA ya 1974. Inasema nani aone rekodi za mwanafunzi na mzazi ana haki gani, ila haisemi utunze kwa muda gani, hayo wameachiwa majimbo na ratiba zao za kutunza kumbukumbu ambazo mimi nimezisoma zote za jimbo letu na nadhani tuko watu watatu. Cha kushangaza ziko wazi kabisa. Maksi za mwisho tunza milele. Mahudhurio ya kila siku miaka kadhaa halafu futa. Vikaratasi vya ruhusa ya safari futa mwaka ukiisha. Kila kitu kimeshaandikwa. Kinachokosekana ni mtu wa kubonyeza, maana ukitunza kitu bure miaka 30 hakuna atakayekuuliza, ukifuta kitu kimoja kikahitajika kesho unaitwa kwenye kikao.

Na hela nayo inavuta hukohuko. Ule mfuko wa serikali kuu wa E-Rate unapunguza sana gharama za intaneti na nyaya na wifi ya shule, ila haulipii mfumo wa taarifa za wanafunzi. Wilaya nyingi zilinunua mifumo ya klaudi kwa hela za msaada wa korona, mwisho wa kupangia hizo hela ukawa Septemba 2024, mkataba wenyewe unalipwa kila mwaka hauna mwisho. Ukianza kubana unabana wapi? Watu. Mwenzangu wa kwenye stoo aliondolewa kwa sababu "seva hazipo tena". Yeye ndiye alikuwa anajua folda la mshauri mstaafu lina nini.

Ninachokidai ni kidogo. Kabla mkataba mwingine haujasainiwa, ratiba ya jimbo iwekwe ndani ya mfumo ijiendeshe yenyewe, rekodi ikifika umri wake iondoke bila kumsubiri shujaa. Namba za Social Security za zamani zitoke mwaka huu, hakuna cha kujadili. Na ile njia ya matengenezo ya kampuni ifungwe, ifunguliwe tunapowaita, ifungwe tena.

Mkubwa mmoja aliniambia unaongea hivyo kwa sababu hujawahi kuombwa kitu ukakikosa. Hapo ana hoja, na nilikuwa nikiifikiria hoja yake mwezi uliopita alipokuja baba mmoja wa Kikongo, mtu wa Uvira, alimaliza shule kwetu 2004 baada ya miaka miwili tu ya kusoma hapa, anataka cheti cha maksi kwa ajili ya kozi ya unesi. Sekretari hakumwelewa vizuri akaniita mimi kwa sababu ya Kiswahili. Nikaingia, nikaandika jina, sekunde tatu maksi zote hizi hapa, hesabu ana A, nikaprinti. Jamaa akafurahi mpaka akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema ndugu, mimi niliwaza vyote vilishapotea.

Kosa langu ni kwamba sikugeuza skrini. Wakati karatasi inatoka akawa anasoma ukurasa uliobaki wazi, deni la chakula dola 11 na senti 40, tarehe aliyoingia nchini, namba yake ya Social Security yote tarakimu tisa, na chini kabisa maelezo ya nesi ya 2003 kuhusu usiku anaoshindwa kulala na anachokiota. Alisoma taratibu. Halafu akaniuliza, sauti chini kama mtu yuko kanisani, "Na hii nayo mungali nayo?"

Nikafunga ukurasa. Akaniuliza kama naweza kuifuta. Nikamwambia mimi ninaweza ila siruhusiwi, akaikunja ile karatasi ya maksi mara mbili akaiweka mfukoni, akalipa zile dola 11 na senti 40 pale dirishani ingawa sekretari alimwambia hakuna anayemdai.