Daftari Langu Lilivyosomwa Msibani

Jirani yangu ameshasambaza ujumbe wa sauti katika makundi yote ya WhatsApp ya mtaa, akidai kwamba nilimtuhumu ndugu wa marehemu kwa mauaji mbele ya waombolezaji, kwa hiyo naona nami nina haki ya kusimulia, ingawa uso bado unaniwaka. Polisi hawakuitwa. Hilo lieleweke kwanza.

Mnaonifuata hapa mnajua kwamba siwezi kubuni mazungumzo nikiwa nimejifungia chumbani, kwa sababu wahusika wangu wote huanza kuzungumza kama wasoma taarifa ya habari. Huchukua daftari nikaenda kuketi palipo na watu, iwe kituo cha daladala au kijiwe cha kahawa, nikanakili jinsi mtu anavyokatiza maneno yake, anavyokohoa kabla ya kudanganya, na sauti yake inavyobadilika akitaja fedha. Kikohozi cha huyu nakiunganisha na mwendo wa yule, na mhusika anazaliwa. Ugonjwa huu si wangu peke yangu. Mwandishi Anton Chekhov wa Urusi naye alikuwa na madaftari ya namna hiyo, yenye majina na maneno aliyoyaokota huku na huku. Ila ya kwake yalichapishwa baada ya yeye kufariki mwaka 1904, ilhali langu lilisomwa kwa kipaza sauti nami nikiwa hai, nimeketi kwenye kiti cha plastiki, safu ya pili.

Msiba ulikuwa hapa Tandika, wa mzee aliyekula chumvi nyingi, na kwa mtu anayeandika riwaya ya mauaji na mirathi hakuna turubai lenye mavuno kama hilo. (Msinihukumu, nilikwenda kuzika pia.) Katibu wa kamati alikuwa ameondoka na waliokwenda kuandaa kaburi, na daftari la rambirambi likiwa kwapani mwake. Mtu wa kwanza aliyetafuta pa kuandikisha mchango aliangaza macho, akamwona kijana mwenye daftari, kalamu na uso wa huzuni, akaninyooshea noti ya shilingi elfu kumi. Ningemwambia nini? Kwamba siandiki rambirambi, ila naandika namna anavyonyoosha mkono? Nilipokea, nikaandika jina lake. Akaja wa pili, akaja wa tatu, mpaka ikawa foleni.

Sehemu inayofuata jirani yangu ameiruka, na ndiyo inayoeleza kila kitu. Kila mchangiaji alipogeuka kuondoka, niliona jambo lisilofaa kupotea, na mkono uliozoea haukungoja ruhusa: jina na kiasi, kisha mstari wangu wa riwaya, jina na kiasi kingine, kisha mstari mwingine, vyote katika ukurasa mmoja.

Tuliporudi kutoka makaburini, mwenyekiti wa kamati aliliomba daftari ili asome mapato.

“Mzee wangu, niruhusu nisome mimi,” nilimsihi. “Mwandiko wangu ni mbaya.”

“Mwanangu, mimi nimefundishwa na walimu wa kweli. Hakuna mwandiko unaonishinda.”

Alivaa miwani, akapuliza kipaza sauti, akaanza. “Familia ya fundi cherehani, shilingi elfu tano. Mwenyezi Mungu awazidishie.” Tukaitikia amina. Kisha, kwa sauti ile ile, bila hata kupumua: “Mdogo wa marehemu, kanzu ya kijivu, tabasamu la muuaji, hasa akitaja kiwanja. Mwenyezi Mungu amzidishie.”

“Amina,” watu wakaitikia. Naapa waliitikia. Ile amina ilianzia safu ya mbele ikiwa na nguvu zake zote, ikapita juu ya kichwa changu, na ilipofika nyuma ndipo ilipoanza kulegea, kwa kuwa kuna waliokuwa wakisikiliza. Mdogo wa marehemu mwenyewe aliitikia kwa sauti kuliko wote, kisha akainamisha kichwa taratibu, akaitazama kanzu yake, akaipapasa kifuani kana kwamba rangi ingeweza kubadilika. Nilitazama mlango wa turubai, kisha nikakumbuka kwamba turubai halina mlango.

Mwenyekiti alikuwa ameshafika mbali. “Shangazi wa khanga nyekundu, analia vizuri sana, ila jicho moja liko kwenye sufuria. Mwenyezi Mungu amzidishie.” Spika, ndugu zangu, ilikuwa imeelekezwa upande wa wanawake. Kilio kilikatika papo hapo. “Mwenyekiti wa kamati,” aliendelea, na hapo alijiweka sawa, maana hakukumbuka kuwa amekwisha kuchangia, “anasoma kila anachopewa bila kukielewa. Mwenyezi Mungu am...”

Alivua miwani.

Mengine ni mafupi. Fedha zilihesabiwa zikatimia, niliwaomba radhi wazee mmoja baada ya mwingine, na sahani yangu ya wali ililetwa bila nyama, nami sikuuliza. Jana jioni mdogo wa marehemu alipita nyumbani, nikampa shikamoo nikiwa nusu nimejificha nyuma ya mlango. Aliitikia vizuri tu, akatabasamu lile tabasamu, akaniuliza kama mwishoni mwa riwaya kiwanja anakipata.