Hakimu aliye katika majaribio: nani anaweza kumfuta, na kwa njia gani?

Jaji wa Mahakama Kuu anayeketi Kisumu na hakimu mkazi wa Mahakama ya Winam huamua mizozo ya wakazi wa kaunti moja, lakini ajira zao hazina kinga sawa. Jaji hana kipindi cha majaribio. Akishaapishwa anaweza kuhudumu hadi afikishe umri wa miaka 70, na Kifungu cha 168 cha Katiba hakiruhusu aondolewe ila Tume ya Huduma za Mahakama (JSC) iwe imeridhika na malalamiko, na jopo maalum liwe limeyachunguza na kupendekeza hivyo. Hakimu yuko chini ya Kifungu cha 172, kinachoipa Tume yenyewe uwezo wa kumwajiri, kumchunguza, kumwadhibu na kumwondoa. Kwa hivyo hakimu ambaye hajathibitishwa kazini anaweza kufutwa, na mwenye mamlaka hayo ni Tume, wala si msimamizi wa kituo chake. Utata uko katika utaratibu.

Wanaotetea majaribio wana hoja nzito, kwa sababu wakili hodari si lazima awe hakimu hodari. Mkulima wa miwa wa Nyando ambaye hukumu ya kesi yake ya shamba huahirishwa kila mara, leo faili haionekani, kesho hakimu hajamaliza kuandika, ndiye anayegharimika nauli na ada ya wakili. Nchini Ujerumani jaji huanza kwa majaribio, na anaweza kuachishwa kazi mwishoni mwa mwezi wa 6, 12, 18 au 24. Baada ya hapo sababu zinazokubalika hupungua, na kipindi chenyewe hakipaswi kupita miaka 5.

Hata hivyo, Scotland ilijifunza upande wa pili mwaka 1999, mahakama ilipoamua kwamba masherifu wa muda, yaani majaji wa mahakama za chini za huko, ambao uteuzi wao wa mwaka mmoja mmoja ulitegemea serikali iliyo pia mwendesha mashtaka, hawakuwa waamuzi huru. Sisi wenyewe hatuna haja ya kwenda mbali: mwaka 1988 Bunge liliwaondolea majaji ulinzi wa kazi, na haukurejeshwa hadi 1990. Sasa mfikirie hakimu aliyebakiza miezi miwili athibitishwe, na mbele yake kuna ombi la dhamana la kijana aliyekamatwa katika maandamano ya Kondele. Hahitaji kupigiwa simu na mtu yeyote. Kujua tu kwamba anaweza kuachishwa kazi bila maelezo kunatosha kumtia woga.

Kwa maoni yangu, majaribio yanaweza kurahisisha kumpima hakimu, lakini hayamnyimi haki ya kusikizwa. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi walibatilisha kifungu cha Sheria ya Ajira kilichoruhusu mfanyakazi wa majaribio kufutwa bila kusikizwa, na Kifungu cha 236 cha Katiba kinakataza afisa wa umma kuachishwa kazi bila utaratibu wa haki. Ingekuwa ajabu hakimu apate chini ya hapo. Tume ipime ucheleweshaji wa hukumu na mwenendo kortini, wala si upande ulioshinda kesi, kwa kuwa makosa ya uamuzi hurekebishwa kwa rufaa katika Mahakama Kuu. Uhuru wa kumwachisha jaji kazi ambao Ujerumani huutoa katika miezi 24 ya kwanza nisingeuiga hapa; Tume itoe sababu zake kwa maandishi, ili hakimu asiyeridhika awe na kitu cha kupinga mahakamani.