Prado ya dizeli haihitaji turbo taima

"Usipofunga taima, bosi, turbo itakufa." Sentensi hiyo imeuza vidude vingi vya taa nyekundu, yaani turbo taima, kwa wenye Prado, Surf na Land Cruiser za dizeli. Kidude hicho huiacha injini ingurume dakika kadhaa baada ya kuchomoa funguo, ili turbo, ile feni inayozungushwa na moshi kuisukumia injini hewa, ipoe; utadhani Toyota walisahau kukifunga kiwandani.

Hawakusahau. Kitabu cha gari kina jedwali lake: ukitoka mizunguko ya mjini, zima tu. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa, iache ingurume sekunde 20; kilomita 100, dakika 1; mlima mkali au zaidi ya 100 mfululizo, dakika 2. Lakini nani anasoma kitabu, tena cha Kijapani?

Hofu hii ilitoka kwenye magari ya petroli. Moshi wake, gari likikanyagwa sana, hupita nyuzi 900, na ukizima ghafla, oili iliyobaki kwenye beringi za turbo inaungua na kuganda. Dizeli ni mnyama mwingine. Inavuta hewa nyingi kuliko inayohitaji kuchomea mafuta, kwa hiyo ukiondoa mguu tu, mafuta yanapungua, hewa inaendelea kupita, joto linaporomoka. Panda mlima Kitonga, barabara ya Iringa, na mzigo, moshi unaweza kuingia kwenye turbo ukiwa na nyuzi 600 au 700. Sawa. Ila ukifika mji wa Ilula mbele yake kununua vitunguu umeshapunguza mwendo, umepita matuta, umetafuta pa kuegesha. Turbo imepoa kabla hujafungua mlango. Anayesimama palepale mlima unapoishia, huyo nakubali, asubiri dakika 2. Anywe maji. Kuhesabu hadi 120 hakuhitaji kifaa.

Kinachoua turbo ni oili iliyopitiliza kilomita 5,000 zake, ikaziba kile kibomba chembamba kinachoilisha. Au vumbi linalopenya kwenye mpira uliopasuka wa kuingizia turbo hewa na kula mapanga ya feni yake. Vua mpira huo injini ikiwa baridi, shika shafti ya feni hiyo: kucheza kidogo pembeni ni kawaida, lakini ikienda mbele na nyuma, au mapanga yakigusa ukuta, imekwisha. Taima ya dhahabu haitaifufua.

Halafu madhara ya taima hayasemwi. Gari la gia za mkono likiegeshwa mteremkoni huachwa kwenye gia. Ukiwa na taima injini bado inazunguka, kwa hiyo unaliacha huru, limeshikwa na hendibreki peke yake, tena hendibreki zetu hizi zilizojaa tope! Na waya za swichi ya funguo zinabeba umeme mwingi. Zikikatwa ili kuunga taima na kusokotwa kwa mkono na utepe, kiungo kinapata moto, siku moja gari linazima katikati ya barabara.

Kuitoa taima ni kazi ndogo. Fungua hasi ya betri kwanza. Kama ilichomekwa kwa soketi, ichomoe na urudishe soketi ya gari mahali pake. Kama waya zilikatwa, ziunganishwe kwa risasi ya kuchomelea na kufunikwa mpira unaosinyaa kwa joto, na waya wa taima uliokuwa umeungwa kwenye hendibreki uzibwe ncha usiguse bodi.