Takwimu za Mitetemo ya Wembere Ziwafikie Wanafunzi

Kila mwaka ninapowatoa wanafunzi wangu wa jiofizikia nje ya jiji la Dodoma kwa mazoezi ya uwandani, tunabeba bamba la chuma, nyundo nzito na jiofoni 24, yaani vifaa vya kunasa mitetemo ya ardhi, ambazo kila moja huchomekwa ardhini na kukandamizwa kwa kisigino mpaka isitikiswe na upepo. Mwanafunzi hupiga bamba, na kabla hajainua nyundo tena mawimbi yameshachorwa kwenye skrini: udongo mchache, kisha itale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mafuta hayakai humo, wala hatuyatarajii.

Mazoezi hayo humfundisha kijana kukusanya mawimbi, lakini hayamfundishi kuyasoma. Mwamba unaohifadhi mafuta hufichwa na mashapo, yaani tabaka za mchanga na tope zilizorundikana, yenye unene mkubwa, na ili umbo lake lionekane ni lazima takwimu zichujwe kelele, zijumlishwe, kisha kila mwangwi urudishwe mahali ulikotoka hasa. Kazi hiyo huchukua miezi, tena hujifunzwa kwa kukosea.

Mashapo tunayo jirani. Bonde la Eyasi–Wembere, linaloigusa Singida na mikoa ya jirani, ni sehemu ya Bonde la Ufa, lile lile lililowapa Waganda mafuta ya Ziwa Albert mwaka 2006 na Wakenya yale ya Lokichar mwaka 2012, na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limekuwa likilichunguza kwa mitetemo. Hata hivyo, mwanafunzi wangu mmoja aliyekwenda kwenye kampuni kwa mafunzo ya vitendo alipanga majalada kwa wiki nane, akarudi na ripoti yenye mchoro mmoja tu, ulionakiliwa kitabuni, wa Ghuba ya Mexico. Aliambiwa takwimu ni siri.

Naielewa hoja ya siri, hasa kwa vitalu vya kutafutia mafuta ambavyo bado vinatafutiwa wawekezaji. Lakini tangu mwaka 1973, Profesa Jon Claerbout alipoanzisha mradi wa utafiti wa mitetemo katika Chuo Kikuu cha Stanford, makampuni ya mafuta yamekuwa yakilipa ada na kuyaona matokeo mapema, huku wanafunzi wakipata matatizo halisi ya kutatua. Mwaka 2018 kampuni ya Equinor ya Norway iliweka hadharani takwimu za eneo la mafuta la Volve, lililo katika Bahari ya Kaskazini. Inaniuma kwamba kijana aliyezaliwa Manyoni anaweza leo kupakua mitetemo ya Bahari ya Kaskazini, asiweze kuiona ya Wembere.

Siombi hazina yote. Naomba takwimu za mstari mmoja wa upimaji wa kilomita kumi, zikiwa mbichi na kelele zake zote, pamoja na mtaalamu mmoja wa kampuni atakayeketi nasi kila muhula kuwahoji wanafunzi juu ya walichokiona. Hati ya kutunza siri nitaisaini mimi mwenyewe, pamoja na kila mwanafunzi atakayegusa takwimu hizo, hata kama ni kesho asubuhi.