Gunia la Kaa

Mimi ndiye niliyeileta ile programu nyumbani, nisimsingizie mtu. Tulikuwa tumechoka. Mke wangu ananunua nazi, shemeji ananunua nazi, na mimi nikipita sokoni pale mbele ya Ngome ya Lamu nakumbuka nyumbani hakuna nazi, nanunua nazi. Wiki moja tulikuwa nazo 22. Basi nikatia orodha ya sokoni kwenye simu zote nne. Ukiandika kitu huku, wote wanakiona. Aliyenunua anabonyeza kiduara, kitu kinakatwa mstari. Mama mkwe alilipenda hilo la kukata kuliko sote. Siku ya kwanza alikata vyote, hata visivyonunuliwa, akasema sasa orodha imependeza.

Mwezi uliopita tulikuwa na wageni kutoka Mombasa, watu tisa, na biriani angepika mama mkwe mwenyewe. Nikafungua orodha nikiwa gatini: mchele, nyama, vitungu, ndimu, hiliki. Chini kabisa, na jina lake pembeni: "kaa gunia 1".

Nikasimama. Mama mkwe hali kaa. Ni katika wale wazee wenye shaka na mnyama anayeishi majini na nchi kavu. Lakini wageni ni wageni. Tena nani atamwuliza mkwe, gunia zima la nini? Mtu aliyekupa bintiye humhesabii kaa.

Sikujua kuwa bando langu lilikwisha tangu saa tatu. Programu haikusema kitu. Ilikaa na orodha yake ya asubuhi, imetulia kama mzee barazani.

Gunia zima la kaa si kitu cha kuokota. Nilizunguka kwa wavuvi watatu ndipo nikapata 34, wale wa mikokoni, wenye magando kama koleo, kila mmoja kafungwa kwa ukindu. Nikalipa kwa M-Pesa, ambayo haihitaji bando. Laiti ingehitaji!

Vichochoro vyetu havipitiki kwa gari, nikakodi punda. Tulikwenda vizuri Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mpaka kaa mmoja, ukindu umemlegea, akatoa gando kwenye tundu la gunia akambana punda ubavuni.

Punda wa Lamu amebeba mawe, saruji, hata friji. Hili hakufundishwa. Alitoa mlio ambao sijapata kuusikia, akakata kona, watu wakajibana ukutani. Mwenye punda anapiga kelele "Pisha! Pisha!", nami nyuma na kikapu, ndimu zinamwagika. Bahati mbaya alikuwa ameshatuletea saruji, nyumba anaijua. Alisimama mbele ya daka letu hasa, gunia likaanguka, likapasuka.

Hapo ndipo simu iliposhika waifai ya nyumbani. Ikatetemeka mfukoni kama inayo homa. Nikaitoa huku kaa mmoja akipita juu ya kiatu changu. Orodha ilikuwa imerefuka:

"makaa gunia 1"
"si kaa MAKAA"
"ya kupalia biriani"
"baba watoto umesoma"
"UMESOMA"

Na ya mwisho ya shemeji, ambaye hana habari na lolote: "nazi 10 nishanunua".

Mama mkwe akatoka na mwiko mkononi. Akawatazama kaa wakipanda kizingiti.

"Mwanangu," akasema polepole, "haya ndiyo makaa?"

"Uliandika kaa, mama."

Akavaa miwani, akaikodolea simu yake kwa muda. "Ma nimelitia. Mato yangu ni mazima. Simu imelila."

Saa nane mchana hali ilikuwa hivi: kaa 33 kwenye beseni, nyama kwenye masala, wageni wameshavuka kutoka Mokowe, gati ya bara, na hakuna hata punje ya makaa ya kuwapikia hao kaa, seuze kupalia biriani. Shemeji akaenda kwa jirani na karai kuazima. Wageni, Mungu awape heri, walikula biriani na kaa wa kupaka (tui halikuwa tatizo), wakaapa hawajapata kukirimiwa vile. Mama mkwe akazipokea sifa zote bila kupepesa.

Wa 34 alionekana usiku, ndani ya birika la chooni, lile tangi la maji ya kutawadhia. Wazee wetu walikuwa wakitia visamaki birikani ili viwale viluwiluwi wa mbu. Sisi tumepata mlinzi. Nimemjaribu kwa kata, kwa fagio, kwa wavu wa shemeji. Ananing'ang'ania fagio, nikilivuta anabaki na njiti zake.

Sasa kila alfajiri mlango wetu unagongwa: "Mwanangu, njoo unitangulie, nitawadhe." Na kwenye orodha mama mkwe ameandika "kaa 1, birikani", na yeye mpenda kukata, huo mstari amekataa kuukata.